Kombe la dunia la wachimba makaa na deni la pauni 40



Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo, Jumapili moja alasiri, mbele ya wanachama wa klabu ya mpira ya kijiji chetu, chini ya mwembe ulio nyuma ya goli. Ajenda iliyowatoa watu majumbani ilikuwa moja tu: deni. Klabu inadaiwa nauli za magari, inadaiwa jezi, inadaiwa ada ya ligi ya wilaya. Amejitokeza bwana mmoja mwenye uwezo, simtaji jina, anayesema atalilipa deni lote kwa siku moja, na badala yake klabu imwandikie uwanja na jina. Wapo waliopiga makofi hadi mikono ikawauma.

Mimi niliombwa kusema neno kwa sababu niliwahi kuwa katibu, na kwa sababu, kama vijana wanavyonitania, nina ugonjwa wa kusoma habari za mpira wa kale. Sikusimama kupinga wala kuunga mkono. Nilisimulia habari za klabu nyingine ya kijiji, iliyo mbali sana na sisi, iliyowahi kusimama pale tulipo leo. Mhariri ameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikiacha nje utani ambao msomaji asiyewajua wahusika hataucheka. Basi jikalie kitako.

Nilianza kwa swali. Kombe la kwanza la dunia lilichukuliwa na nani? Kijana mmoja wa sekondari akajibu kabla sijamaliza: Uruguay, mwaka 1930. Jibu safi, mtihani angeupita. Lakini kipo kijiji kimoja huko Uingereza ambako ukiuliza swali hilo utajibiwa bila kusita: "Sisi. Mwaka 1909." Na ukicheka, watakupeleka kwenye uwanja wa majani katikati ya kijiji wakuonyeshe sanamu.

Kijiji hicho kinaitwa West Auckland. Kipo katika jimbo la Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, nchi ya makaa ya mawe. Ndugu zetu wa Kiwira hawahitaji kuelezwa makaa ni kitu gani. Sisi wengine tuseme tu kwamba ni jiwe jeusi linalowaka, na kwamba kulitoa chini ya ardhi kumewala watu wengi. Reli maarufu ya Stockton na Darlington, iliyofunguliwa mwaka 1825 na ambayo watoto hufundishwa shuleni kama mwanzo wa safari za treni ya mvuke, ilijengwa kwa ajili ya kuyatoa makaa ya eneo hilo na kuyapeleka kwenye maji. Yaani vijiji vile vilikuwepo kwa ajili ya shimo. Shimo likifunguliwa, kijiji kinaota. Shimo likifungwa, kila mtu anatazama barabara.

Hapo mzee mmoja shabiki wa Simba aliguna kwamba hayo ya Wazungu yanatuhusu nini. Nikamjibu: mzee wangu, klabu yako iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971, na jina hilo halikuokotwa Kariakoo. Sunderland ni mji wa bandari katika nchi hiyohiyo ya makaa ya Durham. Uwanja wanaochezea leo, uliofunguliwa mwaka 1997, umejengwa mahali palipokuwa na mgodi wa Wearmouth, wa mwisho kufungwa katika machimbo yote ya Durham, Desemba 1993. Kwa hiyo ulipokuwa unaimba Sunderland ulikuwa unawaimbia wachimba makaa. Watu walicheka, mzee akakaa, tukaendelea.

Klabu ya West Auckland ilianza mwaka 1893. Ilikuwa timu ya ridhaa, maana yake wachezaji hawakulipwa. Wiki nzima mtu yuko chini ya ardhi na sururu, Jumamosi yuko uwanjani na viatu vizito vya ngozi. Walicheza katika Ligi ya Kaskazini, Northern League, iliyoanzishwa mwaka 1889, ligi ya pili kwa ukongwe duniani na ambayo ipo hadi leo. Wala wasikudanganye kwamba walikuwa moto wa kuotea mbali. Jirani zao wa Bishop Auckland ndio waliokuwa wafalme wa ridhaa. Hao walilichukua Kombe la Ridhaa la Uingereza mara 10. West Auckland hawakuwa hata miongoni mwa vinara wa ligi yao wenyewe. Ilikuwa timu kama yetu: inashinda nyumbani, inafungwa ugenini, na ikifungwa mwamuzi ndiye mbaya.

NANI ALIWAALIKA?

Sasa anaingia tajiri. Kila hadithi ya mpira ina tajiri wake.

Tajiri huyu ni Sir Thomas Lipton, yuleyule wa majani ya chai ambayo pakiti zake mmezizoea madukani. Alizaliwa Glasgow mwaka 1848 katika familia ya kimaskini, akafungua duka lake la kwanza la vyakula mwaka 1871, akawa na maduka mengi, na mwaka 1890 akanunua mashamba ya chai kisiwani Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Alikuwa mtu wa kupenda makombe. Kombe aliloliota maisha yake yote lilikuwa la mashua, Kombe la Amerika; alilishindania mara 5, tangu 1899 hadi 1930, akashindwa mara zote 5. Msomaji, lishike jambo hili: mwenye fedha zote zile alikufa mwaka 1931 bila kombe lake, na kombe alilolitoa yeye kwa ajili ya wengine likachukuliwa na watu wasiokuwa na kitu.

Lipton alitoa kombe la fedha lishindaniwe na timu za nchi mbalimbali katika mji wa Turin, Italia, wakati wa Pasaka ya mwaka 1909. Italia, Ujerumani na Uswisi zikaleta timu. Uingereza, nchi iliyouandikia mpira sheria zake, ikagoma. Chama cha mpira cha huko hakikutaka kupeleka timu. Bila Mwingereza, mashindano yangekuwa kama ngoma isiyo na ngozi, na Lipton hakutaka aibu hiyo. Ndipo mwaliko ukaangukia West Auckland.

Kwa nini wao? Hapo pana hadithi tamu ambayo imesimuliwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanasema wasaidizi wa Lipton waliambiwa waandikie "W.A.", wakikusudiwa Woolwich Arsenal, ndiyo Arsenal ya leo, klabu ya wachezaji wa kulipwa, barua ikapotea njia ikawafikia wachimba makaa. Mimi hadithi hii siiamini. Ni tamu mno. Ina ile harufu ya hadithi inayotungwa na watu wa mjini ambao hawawezi kukubali kwamba mtu wa kijijini anaweza kualikwa kwa jina lake. Timu za kulipwa hazikutakiwa ziende, timu ya ridhaa ndiyo iliyoweza kwenda, na hao walikubali. Inatosha.

Lakini kukubali mwaliko ni jambo moja, nauli ni jambo jingine. Nani asiyelijua hili? Mchimba makaa akikosa zamu, mshahara wa zamu hiyo haupo. Inasimuliwa huko kwamba wapo waliouza vyombo vya nyumbani ili wasafiri. Na mjue walitoka katika hali gani. Tarehe 16 Februari 1909, katika shimo moja la Stanley, jimbo hilohilo la Durham, mlipuko uliwaua wanaume na vijana 168 kwa alasiri moja. Miezi miwili haijatimia, watu wa kazi ileile wanapanda treni na meli kwenda Italia kucheza mpira. Nilipofika hapo chini ya mwembe hakuna aliyecheka.

Turin walicheza mechi mbili. Nusu fainali waliwakuta Wajerumani wa Stuttgart, wakawafunga 2-0. Tarehe 12 Aprili, fainali, wakawakuta Waswisi wa Winterthur, wakawafunga 2-0 vilevile. Kombe likapanda treni kurudi Durham.

Je, lilikuwa kombe la dunia kweli? Hapa niseme ukweli hata kama unapunguza utamu. Dunia gani yenye nchi 4 tu, na zote za Ulaya? Isitoshe, mwaka mmoja kabla, 1908, yalifanyika mashindano mengine ya timu za nchi mbalimbali mjini Turin humohumo, na Servette ya Geneva ikashinda. Kwa hiyo anayedai "la kwanza duniani" anavuta kamba kidogo. Lakini nani kati yetu hajavuta kamba kwa ajili ya kijiji chake? Jambo lisilo na ubishi ni kwamba lilikuwa miongoni mwa mashindano ya mwanzo kabisa ya kimataifa, miaka 21 kabla ya Uruguay, na walioshinda walikuwa watu wenye makaa chini ya kucha.

Ipo habari ya mchezaji mmoja ambayo siwezi kuiruka. Katika kikosi cha 1909 alikuwemo Jack Greenwell, mchimba makaa wa kijiji jirani cha Crook, aliyeazimwa kuisaidia timu. Mwaka 1912 huyu alikwenda Barcelona kucheza. Mwaka 1917 akawa kocha wa Barcelona, akadumu miaka mingi, na mwaka 1931 akarudishwa tena. Baadaye akavuka bahari, na mwaka 1939 akaiongoza Peru kutwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini kwa mara ya kwanza katika historia yao. Alifia Bogotá mwaka 1942. Kutoka shimo la makaa hadi Barcelona hadi Lima! Vijana wetu wanaokaa na kusubiri wakala atokee mjini na simu mbili mkononi, wamsome Greenwell. Njia yake ilipitia timu ya kijiji iliyokopa mchezaji kwa timu ya kijiji.

HOTELI YA KIJIJINI

Mwaka 1911 West Auckland walirudi Turin kulitetea kombe. Nusu fainali waliifunga timu ya kutoka Zürich 2-0. Fainali, tarehe 17 Aprili, walikutana na Juventus. Ndiyo, Juventus hiyohiyo. Wakaifunga 6-1. Nilirudia matokeo hayo mara mbili kwa sababu nyuma kulikuwa na kelele: sita kwa moja. Kwa kushinda mara mbili mfululizo, kombe likawa mali yao moja kwa moja.

Na hapo ndipo klabu ilipofilisika.

Hebu tulitazame jambo hili taratibu, maana ndilo lililonifanya nisimame. Klabu ilirudi kijijini na kombe la fedha tupu mkononi na deni la safari shingoni. Mashabiki walikuwepo, nyimbo zilikuwepo, sifa zilikuwepo. Kilichokosekana ni pauni 40. Ili mjue ukubwa wa pauni 40: wakati huo mchezaji wa kulipwa nchini Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 5 kwa wiki. Kwa hiyo deni lililokiangusha kijiji chenye kombe ni mshahara wa wiki 8 wa mchezaji mmoja wa daraja la juu. Kwa klabu kubwa ni hela ya sabuni. Kwa wachimba makaa ni mlima.

Klabu ilikuwa na makao yake katika hoteli moja ya kijijini, Wheatsheaf. Mama mwenye hoteli akasema: mimi nitatoa pauni 40, nipeni kombe nilishike. Wakampa. Kombe lililoifunga Juventus likawekwa rehani kama sufuria.

Nilisema pale mkutanoni, na narudia kwako msomaji: mama yule simwiti mwizi. Siku hiyo watu wote waliokuwa wakiimba mitaani walikuwa na mifuko mitupu, na mwenye fedha taslimu alikuwa yeye. Alitoa. Alipewa dhamana. Ni biashara ya haki. Vilevile bwana wetu mwenye uwezo simwiti mwizi. Ameona shida, ameleta dawa. Mimi nauliza tu: dhamana ni nini?

Mama yule alichukua kombe. Hakuchukua jina la klabu. Hakuchukua mahali pa kuchezea. Hakudai kwamba kuanzia leo timu ni yake na yeye ndiye atakayepanga nani acheze. Aliondoka na chuma kinachong'aa, akawaachia wenyewe kila kitu kingine. Alihama hata kijiji, kombe akahama nalo, likakaa kwake Liverpool.

Miaka ikapita, mmoja baada ya mwingine. Vita ya kwanza, vita ya pili. Klabu yenyewe iliyumba hadi ikabidi iundwe upya, kwa jina la West Auckland Town. Haikuwa na kombe, ilikuwa na watu. Mechi zikaendelea. Huko Durham mpira wa ridhaa nao haukuwa wa malaika, msidhani. Ilikuwa kawaida mchezaji kukuta hela ndani ya kiatu baada ya mechi, na mwaka 1928 chama cha mpira cha jimbo hilo kiliwafungia mamia ya wachezaji kwa ajili ya fedha hizo. Hilo nalitaja kwa haraka ili asije mtu akaniambia nimeleta hadithi ya watakatifu.

Mwaka 1960 kijiji kikachanga. Wakamtafuta mama yule, sasa mtu mzima sana, wakampata, wakalikomboa kombe lao kwa pauni 100. Miaka 49 tangu walipoliweka rehani. Wajukuu walilipa deni la babu.

Na tazameni bahati ilivyo. Mwaka uliofuata, 1961, West Auckland wakafika fainali ya Kombe la Ridhaa, Wembley, wakafungwa na Walthamstow Avenue 2-1. Mwaka huohuo wa 1961 wachezaji wa kulipwa wa Uingereza walifutiwa kikomo cha mshahara, mpira mkubwa ukaanza kupanda ngazi ya fedha ambayo hadi leo haujafika mwisho wake. Mwaka 1974 hata tofauti ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa ikafutwa kwenye vitabu vya chama, na Kombe la Ridhaa likafa pamoja nayo.

WALIOAMBIWA WAFE

Wakati huo vijiji vya Durham vilikuwa na shida kubwa kuliko mpira. Mwaka 1951 halmashauri ya jimbo ilikaa mezani ikavipanga vijiji kwa herufi: A, B, C, D. Vijiji zaidi ya 100 vikaandikiwa D. Maana ya D ni kwamba makaa yamekwisha au yanakwisha, visijengwe nyumba mpya, visiwekewe fedha, watu wahame taratibu, nyumba zibomolewe. Witton Park, si mbali na West Auckland, ni mojawapo. Wazee wetu wanaokumbuka Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 walitikisa vichwa. Wanajua ladha ya kupangwa na mtu aliye mezani. Witton Park ilikataa kufa, na baada ya miaka mingi ya kelele sera ile ikaachwa. Mashimo ndiyo hayakupona. Moja baada ya jingine yalifungwa, hadi Wearmouth, Desemba 1993.

Januari 1994, mwezi mmoja tu baada ya hapo, wezi walivunja klabu ya wafanyakazi ya West Auckland, ambako kombe lilikuwa limewekwa watu walione, wakaondoka nalo. Halijapatikana hadi leo. Pengine liliyeyushwa usiku uleule na kuuzwa kwa uzito wake.

Kijiji kilifanya nini? Kilitengeneza nakala. Nakala hiyo ndiyo iliyopo. Kuna wanaocheka kwamba wanajivunia kombe la bandia. Mimi nasema kombe linaweza kuwa la bandia na ushindi usiwe wa bandia. Matokeo ya Aprili 1911 hayakuwa ndani ya ile fedha.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Kabla ya wizi ule, mwaka 1982, walikwisha kutengenezewa filamu ya televisheni, Dennis Waterman akiwa nahodha. Mwaka 2009, miaka 100 ilipotimia, West Auckland walikwenda Turin tena wakacheza na vijana wa Juventus, wakala 7-1, Juventus hawakusahau. Mwaka 2012 walifika Wembley kwenye fainali ya FA Vase, kombe la timu ndogo, wakafungwa na Dunston 2-0. Mwaka 2014 wakafika tena, wakafungwa na Sholing 1-0. Mwaka 2013 sanamu ya mchimba makaa na mcheza mpira ikasimamishwa kijijini. Kijiji hakina shimo, hakina kombe la asili, na bado kina timu.

Sasa nilijua mtu atauliza, na aliuliza: Je, yapo ya kinyume? Ipo klabu iliyotoa uwanja na jina? Ipo. Wimbledon, ya London, ilianza mwaka 1889 kama timu ya ridhaa ya mtaani. Ililichukua Kombe la Ridhaa mwaka 1963, ikapanda hadi daraja la juu kabisa, na mwaka 1988 ikaifunga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA. Ikang'aa kuliko West Auckland mara mia. Lakini mwaka 1991 iliuacha uwanja wake wa Plough Lane, uwanja ukaja kuuzwa na wenye mali, na mahali pale zikaota nyumba za makazi. Klabu ikabaki mpangaji kwenye uwanja wa wengine. Mwaka 2003 timu ikahamishiwa mji mwingine, Milton Keynes, zaidi ya kilomita 80, na mwaka uliofuata jina nalo likabadilishwa. Wenye timu walibaki London wakitazamana. Nao hawakukubali kufa: mwaka 2002, uamuzi wa kuhama ulipotoka tu, walianzisha klabu mpya inayomilikiwa na mashabiki, wakaanzia ligi za chini kabisa, wakapanda daraja baada ya daraja, na Novemba 2020 wakarudi Plough Lane kwenye uwanja mpya karibu na ule wa zamani. Miaka 29 kuurudia mtaa wao. Hesabuni wenyewe gharama.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Niliongeza moja kuhusu kwetu. Uwanja wetu ulisafishwa kwa majembe ya watu ninaowajua kwa majina, wengine wamelala makaburini nyuma ya shule. Goli la kusini mti wake ulitoka shamba la mzee mmoja ambaye hakuwahi kupenda mpira. Alisema tu watoto wapate pa kuchezea. Hakuna mtu aliyeuandika uwanja ule kwa jina lake, na ndiyo sababu leo unaonekana hauna mwenyewe. Tunazo jezi tulizopewa misimu ya uchaguzi, rangi tofauti tofauti, zenye sura za watu ambao hatukuwaona tena. Tunalo kombe moja la wilaya, mshikio wake mmoja umevunjika. Nikasema: kama bwana wetu anahitaji dhamana, mpeni kombe hilo. Alishike hata miaka 49.

Kukawa na zogo. Wengine walisema namtukana mtu aliyetaka kusaidia, wengine wakasema afadhali nimesema. Mwenyekiti alituliza mkutano kwa kugonga debe. Mama mmoja anayeuza maandazi siku za mechi, ambaye siku zote huwa hasemi kitu mikutanoni, akauliza swali ambalo mimi na usomaji wangu wote sikulifikiria: "Hilo deni ni kiasi gani hasa, na wanachama wangapi hawajalipa ada zao?"

Kukawa kimya. Mweka hazina akafungua mkoba, akatoa daftari la wanachama, akaanza kusoma majina ya wasiolipa na kiasi kila mmoja anachodaiwa. Jina la tatu lilikuwa langu, ada ya miaka miwili. Nililipa palepale, kwa kukopa kwa jirani yangu wa kulia. Ilipofika magharibi daftari lilikuwa halijamalizika kusomwa, na mkutano ukaahirishwa hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi, kila mwanachama aje na kadi yake.